Boksi Ndani ya Gunia la Mdalasini

Fundi alichomoa kompyuta ya gari langu kutoka chini ya dashibodi, akaniwekea kiganjani, nami kabla sijajizuia nikaiinua mpaka puani nikainusa. Ilinuka vumbi na plastiki iliyopata joto, basi. Fundi alinitupia jicho, halafu akarudi kazini na tochi yake mdomoni, kana kwamba wateja wake wote wana tabia ya kunusa vyuma. Ni kiboksi chepesi cha bati, ukubwa wa daftari la shule, na ndicho kinachoiamuru injini inywe mafuta kiasi gani na iwashe moto wakati gani. Changu kilikuwa kimeingia maji ya mvua.

Fundi mwenyewe ni Chande. Gereji yake iko Msamvu, hapa Morogoro, mimi ninafanya kazi Mazimbu, na tangu arudi mjini nimekuwa nikizunguka njia za mbali ili nisipite mbele ya geti lake. Nimepeleka gari kwa mafundi wabovu nikijua kabisa kuwa ni wabovu. Safari hii watatu walishindwa, na kila mmoja akaniambia neno lile lile: "Sista, hiyo nenda kwa mzee Chande tu." Nikaishiwa visingizio. Yapo maneno niliyopaswa kumwambia mtu huyu tangu nilipokuwa na miaka tisa, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti akatulia. Wenzangu kazini hudhani ni bidii.

Gari lililoleta habari hii yote lilikuwa la mjomba wangu Shomari, mdogo wake Mama. Tuliliita Kipanga. Lilikuwa la rangi ya bluu iliyokolea, milango miwili, na mjomba alilinunua likiwa la kawaida tu, kisha kila mshahara wa gereji ukaingia humo. Alilishusha springi mpaka likawa linakwangua matuta ya Kichangani. Akalifunga rimu pana, ekzosi nene, mkia nyuma, siti za mashindano zinazombana mtu mbavuni, na mwisho akalifunga tabo, kile kidude kinachoisukumia injini hewa, na tangu siku hiyo likawa linapiga mluzi kila akibadilisha gia. Majirani walisema gari gani hilo lisiloweza kubeba hata mkungu mmoja wa ndizi. Mama alisema hivyo hivyo, tena yeye alikuwa na haki, maana alikuwa akiuza viungo sokoni na kila wiki alipaswa kukodi gari la mtu kuleta mizigo kutoka kwa Bibi, Kinole, wakati mdogo wake ana gari uani.

Mimi nililipenda kuliko kitu chochote. Nafasi yangu ilikuwa siti ya kushoto, na kazi yangu ilikuwa kumpa mjomba spana. Nilizijua kwa namba kabla sijajua jedwali la saba. Alikuwa na sheria moja tu isiyo na msamaha. "Mpwa, ukifungua bolti, irudishe kwenye tundu lake, ikaze kwa vidole. Bolti ukiiweka chini imeshapotea hiyo." Rafiki yake na fundi mwenzake, Chande, alikuwa akizitupa bolti kwenye kopo la rangi, na mjomba alikuwa akimgombeza kila siku ya Mungu. Mimi sikuwahi kugombezwa.

Siku moja alikunja zulia la miguuni kwangu, akanionyesha kiboksi cha bati kilichofungwa kwa bolti nne. "Hii ndiyo akili yake," aliniambia. "Ukiitoa hii, linalobaki ni bati na kelele." Tangu hapo nilikuwa nikikaa nimeinua miguu kidogo, nisiikanyage akili ya Kipanga.

Vijana wenye magari kama hayo walikuwa wakienda Turiani kushindana kwenye barabara za mashamba ya miwa. Jumapili moja mjomba alirudi kutoka huko akiwa juu ya machela. Trela la miwa lilikuwa limeharibika katikati ya njia kwenye kona, bila hata tawi la kuonya watu, naye akaligonga. Upande wa dereva ulikunjika mpaka kwenye nyonga yake. Injini ilipona. Upande wangu ulipona kabisa, hata zulia halikuhama.

Lakini mambo haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichoambiwa ni kwamba mjomba amesafiri, yuko Dar, atarudi. Mama alilisema hilo akiwa amenipa mgongo, anapuliza moto wa mkaa ambao ulikuwa umeshawaka. Gari la kuvuta likaleta Kipanga uani kwetu, wakalifunika turubai, na simu ya Mama ikawa inaita tangu asubuhi, naye kila ikiita anatoka nje kuongea. Nikiuliza, ananituma dukani. Nilikwenda dukani mara nyingi sana wiki ile.

Halafu watu wakaanza kuja kuchukua vitu.

Wa kwanza alichukua rimu, zote nne, Kipanga likabaki juu ya matofali. Kesho yake kijana mmoja akaondoka na ekzosi begani. Wakaja wa mkia, wa taa, wa siti. Chande ndiye aliyekuwa akifungua, akiwa na ovaroli yake na begi la spana, na Mama alisimama pembeni, mikono ameifumbata, anaangalia kila kitu kikitoka getini. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepandisha sauti. Walisalimia, wakasema "Pole sana, dada," wakachukua, wakaondoka.

Sasa mimi jambo hilo nilikuwa nimeshaliona, tena si zamani. Mwaka uliotangulia alifariki Babu, kaka yake Bibi, kule Kinole. Kwanza niliambiwa Babu amelala. Halafu watu wakaja na pole. Halafu ikafika arobaini, mkeka ukatandikwa, vitu vyake vikatolewa nje kimoja kimoja: koti, redio, kofia, panga la shambani. Kila mtu akaondoka na chake. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo panga na jina havikwenda kwa watoto wa Babu, vilikwenda kwa mpwa wake mkubwa. Nilikaa kwenye mkeka ule nikaona kwa macho yangu jinsi mtu anavyogawanywa akishakufa.

Mtoto akijumlisha hapo anapata jibu moja. Mjomba amekufa, na mimi ninafichwa.

Sikulia. Nilishikwa na kitu kama kuwashwa mwili mzima. Nilizunguka lile gari asubuhi na jioni, nikahesabu kilichobaki, nikala nimesimama, shuleni nikachapwa kwa kuchungulia dirishani. Jumatano nilimfuata Chande akiwa amelala chini ya Kipanga, miguu tu nje.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nipe kumi na nne."

Nikampa. Halafu nikamuuliza, "Fundi, arobaini ni lini?"

"Arobaini ya nani tena?"

Nikakimbia. Nilimsikia akiita, "We mtoto! Hebu njoo!" lakini nilikuwa nimeshafika kwa jirani. Niliona na yeye ananificha, na nilimchukia kwa hilo.

Alhamisi akaja Maganga, na yeye ndiye aliyenimaliza. Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekaa Morogoro miaka mingi akifanya biashara ya vipuri, mtu mnene, sauti yake inafika kabla yake. Alitaka injini nzima na kila kinachokwenda nayo. Hakusema pole hata kidogo. Alilizunguka gari, akamgeukia Mama.

"Mtani! Nyie Waluguru mmezoea kupanda milima kwa miguu, gari la mbio mlilitakia nini?"

Mama alimjibu palepale. "Na nyie mlizoea mizigo kichwani. Injini hiyo si utaibeba mwenyewe?"

Maganga akacheka mpaka turubai likatikisika. Akajipenyeza ndani ya gari lisilo na siti, akaketi kwenye bati, akakunja mikono. "Basi sitoki humu mpaka nipikiwe ugali." Na Mama akacheka. Tangu ile Jumapili ilikuwa mara yake ya kwanza. Akaingia ndani kweli kupika, na Maganga akala mle mle, akaondoka na usukani kwapani kama dhamana ya makubaliano yao, akisema Jumamosi atakuja na mnyororo wa kunyanyulia injini.

Kinole, siku ya kumzika Babu, mtani wetu mmoja wa Kinyamwezi alijilaza ndani ya kaburi lililokwisha chimbwa, akakunja mikono, akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa walicheka machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi ya watani msibani, na kila mtu aliniambia hivyo siku ile nilipoogopa. Kwa hiyo nilipomwona Maganga amekaa ndani ya Kipanga na Mama anacheka, sikuwa na shaka tena hata chembe. Watani hawaji bure. Huu ulikuwa msiba, na Jumamosi ndiyo wanamaliza kugawana.

Na mimi je? Hilo ndilo lililonichoma. Mpwa ni mimi. Panga la Babu lilikwenda kwa mpwa. Hapa wanapewa watu wasiojua hata jina la gari, halafu mimi ninatumwa dukani.

Ijumaa mchana Chande alikwenda msikitini, Mama alikuwa akiosha vyombo. Niliingia ndani ya Kipanga na spana namba kumi. Nikakunja zulia. Bolti ya kwanza ilinigomea, nikaisukuma kwa mguu. Zikatoka zote nne, nikachomoa na ile plagi ya nyaya, na akili ya Kipanga ikawa mikononi mwangu. Ilikuwa na vumbi, nikaifuta kwa sketi ya shule. Niliogopa sana, na pia nilijisikia mkubwa, nisiseme uongo. Nikaipeleka stoo ya Mama, nikaizamisha ndani kabisa ya gunia la mdalasini lililoletwa wiki hiyo kutoka Kinole, maana harufu ile ilikuwa harufu ya kwetu. Niliona mjomba ataipenda.

Jumamosi Maganga akaja na vijana wawili na mnyororo. Kabla ya kufunga chochote aliinua zulia. Akalirudisha. Akaliinua tena.

"Kompyuta iko wapi?"

Chande akaingiza kichwa. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, nami nilidhani ni hasira.

"Jana ilikuwepo," alisema.

"Jana nani alikuwa humu?"

"Mimi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Maganga aliacha utani. Hakumwita Mama mtani. Aliongea polepole, kwa Kiswahili cha ofisini. Alisema injini ya namna ile bila kompyuta yake ni chuma chakavu, kwamba kompyuta peke yake inauzika vizuri mjini, kwamba mwenye spana hapa ni mmoja. "Mimi siuziwi bati, mama. Nawapa mpaka kesho jioni."

Chande alivuta mifuko ya ovaroli yake nje, mmoja mmoja, mpaka vitambaa vyeupe vikaning'inia. Zilidondoka njugu na tiketi ya basi. Akafungua begi lake la spana akalimwaga chini. "Dada, nisachi," alimwambia Mama. "Nisachi tu, roho yako itulie."

Mama hakumsachi. Lakini hakusema "sikushuku" pia. Aliliangalia lile begi, akaliangalia kidogo zaidi ya ilivyofaa, na Chande akaliona jicho hilo. Aliokota spana zake moja moja. Alipofika kwangu alisimama, akaniangalia, nami nikaangalia miguu yangu. Akatoka getini mifuko yake ikiwa bado iko nje.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, simu ilipoita Mama hakutoka nje. Alikuwa amechoka hata kusimama. Akabonyeza spika akaiweka mkekani, na ndani ya ile simu mjomba wangu akasema, "Dada, vipi huko?"

Nilipiga kelele. Mama aliruka.

"Huyo mpwa huyo!" mjomba akacheka, sauti yake nyembamba. "Mbona kimya siku zote? Nimevunjika nyonga, masikio mazima. Unamsaidia Chande? Bolti mnazirudisha?"

Mama aliongea naye maneno machache, akamdanganya kwamba injini inatoka kesho, akakata. Halafu akanieleza kila kitu, kwa sababu sasa hakuwa na namna. Kwamba Jumanne mjomba anapasuliwa, bila hivyo hatasimama tena. Kwamba kuna vyuma vya kumwekea ndani ya nyonga na lazima vilipiwe kwanza. Kwamba ni yeye mwenyewe mjomba, kitandani, aliyesema kipi kiuzwe na kwa nani, na injini ndiyo iliyokuwa imebaki. "Ndiyo mguu wake ule," Mama alisema, akionyesha uani kwa kidevu. "Na sasa Chande ametufanyia hivi. Chande!"

Hapo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa machache mno, mtoto wa chekechea angeyaweza. Lakini nilikuwa bado nina furaha ya mjomba kuwa hai, na ndani ya furaha hiyo hiyo nikaona mifuko ya Chande inaning'inia, na vyote viwili vikanifunga mdomo. Nikajiambia lile boksi nitalirudisha kimyakimya, nitalitupa chini ya gari, wataliokota. Nikaenda stoo.

Gunia halikuwepo. Alasiri Mama alikuwa amelipakia kwenye mkokoteni kwenda sokoni, kumsubiri mteja wake wa Dar wa kila Jumapili.

Asubuhi nilimwambia Mama nataka kwenda naye sokoni. Alishangaa, maana nilikuwa nikichukia soko. Tulipofika nililiona gunia letu kati ya magunia mengine, nikalipanda juu nikakaa. Sikushuka. Mtu akija kuulizia mdalasini, namwambia huu umeota ukungu. Wa pili nikamwambia umeshanunuliwa. Mama alinisikia kwa wa tatu.

"Wewe una wazimu leo? Shuka hapo!"

"Nimechoka, Mama."

"Umechoka nini na ndiyo kwanza saa mbili?"

Nilishuka, nikapanda tena. Nilijaribu kupenyeza mkono kwenye mshono, uzi ukanikata kidole. Saa nne mteja wa Dar akafika, mwanamke mwenye miwani na pochi kifuani, mjuzi wa biashara. Wauza viungo wote hupanga magome mazuri juu na takataka chini, kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi yake haangalii juu. Alinisogeza kwa nyonga kama anayesogeza paka, akafungua mdomo wa gunia, akazamisha mkono wake wote mpaka begani. Akatoa akili ya Kipanga.

Akaigeuza. Akaipuliza. "Mama, na hiki nacho ni kiungo?"

Mama alichukua lile boksi kwa mikono miwili. "Hicho ni cha mdogo wangu," alisema. "Kimeangukia humo." Halafu akakaa chini, palepale kwenye vumbi, akaniangalia.

"Nilidhani amekufa," nilimwambia.

"Nani alikwambia?"

"Mnagawana vitu vyake. Hata mtani alikuja."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalitikisika muda mrefu, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka au akilia, ila mteja wa Dar alinunua gunia zima bila kupunguza bei na akaondoka bila kuaga. Sikupigwa. Nilingoja kupigwa wiki nzima, na ningepigwa ningeshukuru.

Mchana Mama alimtuma jirani amwite Chande. Akampa boksi mbele ya Maganga, akasema kwa sauti kubwa kwamba limeonekana, lilidondokea kwenye gunia wakati vitu vikihamishwa. Uongo wenyewe ulikuwa mbovu, gari liko uani na gunia liko stoo. Chande hakuuliza. Alilinusa lile boksi. "Linanukia pilau," alisema tu, akaingia ndani ya gari akalifunga ili injini ijaribiwe. Jioni injini ilitoka getini ikining'inia, Maganga akarudisha utani wake wote na ziada, na Jumanne mjomba alipasuliwa. Alirudi kwetu baada ya miezi mitatu na magongo mawili, halafu gongo moja, halafu kuchechemea tu. Sasa yuko Kinole na mananasi yake, na akipita kijana na pikipiki mbovu haondoki mpaka ameitengeneza.

Ila Maganga alikuwa ameshaongea. Ile Jumamosi, kabla boksi halijaonekana, alisimulia mkasa huo gerejini kwao kina Chande wakati wa chakula cha mchana, na maneno hayana breki. Jumatatu mwenye gereji akawa hamwachii tena Chande funguo za magari ya wateja. Haikupita wiki mbili tukasikia amehamia Turiani, anatengeneza matrekta ya miwa. Hakuja kuaga.

Mama ndiye aliyeniletea habari hiyo. Aliniita jikoni, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mimi uongo wangu nimeshausema, nitaujibu mwenyewe. Wa kwako usinigawie. Ukikua utamtafuta Chande umwambie kwa mdomo wako." Tangu hapo kila Idi, tukishamaliza kula, ananiuliza swali moja: "Umeshaenda?" Nami natafuta kitu cha kuinukia, sahani ya kuosha, mtoto wa kumbeba.

Basi nilikuwa nimesimama gerejini Msamvu na boksi mkononi. Chande amekuwa mzee, nywele zimeingia mvi, miwani imefungwa kwa uzi. Vijana wake wawili walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Nilifungua mdomo mara ya kwanza nikamuuliza bei. Mara ya pili nikamuuliza kama boksi jipya linapatikana, akaniambia limeshafika, liko mezani, dada hujaliona? Mara ya tatu nikasema.

"Fundi, lile boksi la Kipanga. Nililichukua mimi."

Alitoa tochi mdomoni. Hakuinua kichwa. "Najua."

"Mama alikwambia?"

"Nani aniambie? Niliinua zulia nikakuta bolti nne ziko kwenye matundu yake, zimekazwa kwa vidole. Mwizi gani anarudisha bolti? Mimi mwenyewe nilikuwa sirudishi."

Nilishika mlango wa gari. Hilo sikuwahi kulifikiria, hata siku moja, katika miaka yote hiyo ya kulifikiria jambo hili. Zilirudi zenyewe, mikono yangu ilizirudisha bila kuniuliza.

"Sasa kwa nini ulitoa mifuko?"

"Ningefanyaje? Jumatano mtoto ananiuliza arobaini ni lini, mimi sielewi. Jumamosi naziona bolti, ndiyo naelewa. Mtoto yuko msibani peke yake. Nimtaje mbele ya Maganga, mdomo ule?" Akafuta miwani kwa tambara lenye grisi, ikazidi kuchafuka. "Nikasema atalirudisha mwenyewe. Ile jioni nilikaa gerejini mpaka wakafunga. Nilijua utakuja."

Nililia. Vijana waliacha mpira wakatutazama, mmoja akaondoka kwa heshima akajifanya anatafuta jeki. Nilimwambia nisamehe, nilimwambia kuhusu Turiani, kuhusu funguo, kuhusu kila kitu kwa mpangilio mbovu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Turiani si ndiko nilikopata mke?" alisema. "Acha hayo. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nisalimie."

Akachukua boksi jipya mezani, akaliingiza chini ya dashibodi, akabana plagi ya nyaya mpaka ikalia. Kisha akarudi nyuma, akapapasa begi lake, akanipa spana namba kumi. Bolti nne zilikuwa kwenye kopo la rangi. Nilizitoa moja moja. Nikaanza na ya juu, nikaikaza kwanza kwa vidole, naye akanimulikia tochi.